Nyuklia haina moshi, lakini hewa yake ina sheria

KABLA ya kuruhusiwa mwaka 2008 kuongeza nguvu ya kinu chake kwa takriban asilimia 15, kituo cha umeme wa nyuklia cha Hope Creek, kilichopo katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, kilipaswa kujibu swali ambalo wengi wasingelitarajia: mnara wake wa kupozea maji ungetoa chumvi kiasi gani hewani?

Mionzi haikuhusika katika hoja hiyo hata kidogo. Idara ya mazingira ya jimbo ilikuwa na kanuni ya miaka mingi inayoweka kikomo cha chembechembe zinazoweza kutolewa na mtambo wowote wa kiwandani, nayo ilisema ratili 30 kwa saa, sawa na kilo 13.6. Hesabu zilionyesha kuwa mnara wa Hope Creek tayari ulikuwa ukitoa ratili 29.4. Kinu kikiongezwa nguvu, wastani ungefika ratili 35.6, na katika saa mbaya zaidi ratili 42, yaani kilo 19 hivi.

Kwa maneno mengine, kituo kisichochoma makaa ya mawe wala gesi kilikuwa kinakaribia kuvunja sheria ya vumbi.

Kisa hicho ni mlango mzuri wa kuingilia jambo ambalo hutajwa kwa nadra panapojadiliwa nishati ya nyuklia. Mjadala huo hugawanyika mara moja katika pande mbili. Upande mmoja huzungumzia mionzi, taka na ajali, na upande wa pili husifu kuwa umeme huo hautoi hewa ukaa. Baina ya pande hizo kuna moshi wa injini za dizeli, boila na manyunyu ya minara, vitu vya kawaida kabisa, ambavyo husimamiwa na sheria zilezile zinazosimamia viwanda vya saruji, sukari na chuma.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Wingu jeupe linalopaa kutoka katika minara mikubwa yenye kiuno chembamba ndilo lililogeuka kuwa nembo ya nyuklia machoni pa watu, hasa baada ya picha za kituo cha Three Mile Island kuenea duniani kufuatia ajali ya Machi 1979. Wengi hulidhania kuwa moshi. Kwa hakika ni mvuke wa maji uliokutana na hewa baridi ukageuka ukungu, kama pumzi ya mtu asubuhi ya kipupwe. Minara ya namna hiyo ipo pia katika vituo vya makaa ya mawe, na vipo vituo vingi vya nyuklia visivyo na mnara hata mmoja. Koeberg cha Afrika Kusini, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1984, hupozwa kwa maji ya Bahari ya Atlantiki yanayopita mara moja na kurudi baharini.

Hata hivyo, kusema kwamba mnara hutoa mvuke mtupu ni kurahisisha mno. Maji yaliyotoka kupoza mitambo humwagwa ndani ya mnara kama mvua, hewa hupanda kuyapishana, na sehemu yake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Mvuke huo hauna chumvi, kama vile mvuke wa sufuria ya mchuzi usivyokuwa na chumvi. Lakini hewa inayopanda hubeba pia matone madogo sana ya maji yenyewe, na matone hayo yana kila kilichomo majini. Yakishatoka juu ya mnara hukauka yakiwa angani, na kinachobaki ni punje ya madini inayoelea.

Ndani ya mnara hufungwa safu za vizuizi vilivyopindapinda ili hewa ikipinda nazo, matone yagonge kuta na kurudi chini. Vizuizi vya kisasa hufanya kazi ya ajabu. Matone yanayoponyoka huweza kuwa sehemu ndogo kuliko asilimia 0.001 ya maji yote yanayozunguka. Tatizo ni kwamba maji yanayozunguka ni mengi kupita kiasi.

Chukua mfano wa hesabu. Mnara unaozungusha mita za ujazo 100,000 kwa saa, ukipoteza asilimia 0.001, huachia lita 1,000 za matone kila saa. Iwapo kila lita ina gramu moja ya madini, kama maji ya mto yaliyozunguka mara kadhaa, hewani huenda kilo moja kwa saa, yaani tani 8 kwa mwaka wa saa 8,000 za kazi. Iwapo maji yana gramu 10 kwa lita, ni kilo 10 kwa saa na tani 80 kwa mwaka. Na iwapo ni maji ya bahari yaliyokolea hadi gramu 50 kwa lita, ni kilo 50 kwa saa na tani 400 kwa mwaka. Mnara ni uleule na vizuizi ni vilevile. Kilichobadilika ni maji.

Hapo ndipo Hope Creek ilipokwama. Kituo hicho, kilichoanza kuuza umeme Desemba 1986, kimejengwa mahali paitwapo Artificial Island, ukingoni mwa mto Delaware, karibu na pale mto unapoingia katika ghuba. Maji ya hapo ni ya magugi, mchanganyiko wa mto na bahari. Majirani zake, vinu viwili vya Salem vilivyo katika eneo lilelile, huchota maji na kuyarudisha mtoni bila kutumia mnara, kwa hiyo havina chumvi ya kuhesabiwa hewani. Vina mgogoro wao mrefu juu ya samaki wanaonaswa kwenye mabomba, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kinu kikiongezewa nguvu hutoa joto zaidi, na joto zaidi hukausha maji zaidi mnarani. Chumvi haikauki, hubaki. Maji yanayozunguka hukolea, na tone lilelile lililokuwa likiponyoka jana huponyoka leo na mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana ratili 29.4 ziligeuka 35.6 bila mtu yeyote kuharibu chochote.

Njia zilizokuwepo hazikuwa nyingi. Kituo kingeweza kuacha nyongeza ya umeme, au kufumua mnara wenye urefu wa takriban mita 156 na kuufunga vizuizi vingine, au kuomba kibali maalumu cha kuvuka kikomo. Kilichagua kuomba. Jimbo lilikubali, likaweka kikomo kipya cha ratili 42 kwa saa kwa mnara huo, na Mei 2008 Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ya Marekani, NRC, ikaidhinisha nyongeza ya nguvu baada ya kuridhika kuwa madhara kwa mazingira hayangekuwa makubwa.

Ukweli ni kwamba mahali penyewe palisaidia. Artificial Island imezungukwa na mabwawa ya chumvi ambayo majani yake yameizoea chumvi tangu enzi. Mwongozo wa NRC unaeleza kuwa chumvi ikidondoka kwa kiasi cha kilo 10 au zaidi kwa hekta kwa mwezi katika msimu wa kuota, majani ya mimea mingi huweza kuungua, ilhali kilo moja au mbili kwa kawaida hazidhuru. Mnara huohuo ukihamishiwa katikati ya mashamba ya maharage au miembe, pengine ombi lile lisingepita kwa wepesi huo.

Nani anasimamia nini

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jimbo, badala ya tume ya nyuklia, ndilo lililoshika kalamu.

Jibu lipo katika historia ya sheria za Marekani. Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 1954 iliweka mambo ya usalama wa mionzi mikononi mwa serikali ya shirikisho, na tangu Januari 1975 kazi hiyo hufanywa na NRC. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1990, ilishika njia nyingine. Shirika la Ulinzi wa Mazingira, EPA, hupanga viwango vya taifa, na majimbo hutoa vibali na kukagua. Viwango hivyo vinagusa vichafuzi sita: chembechembe, ozoni ya karibu na ardhi, kaboni monoksidi, dioksidi ya salfa, dioksidi ya naitrojeni na risasi.

Kwa hiyo kituo kimoja huwa na mabwana wawili. Mkaguzi wa NRC akiingia getini hatazami rangi ya moshi wa jenereta, bali kama jenereta inawaka. Mkaguzi wa jimbo hatazami kinu, hutazama daftari la saa ilizofanya kazi jenereta hiyo na salfa iliyomo katika dizeli yake. NRC inapotoa leseni hulazimika kuandika tathmini ya mazingira inayogusa hewa, lakini kibali cha hewa chenyewe si chake.

Mgawanyo huo una faida yake, kwa kuwa kila taasisi hufanya kazi inayoijua. Una hasara yake pia, nayo huonekana wazi zaidi kwenye injini za dizeli.

Injini zinazoombewa zisiwake

Kinu cha nyuklia kikizimwa hakipoi papo hapo. Mabaki ya urani iliyopasuliwa huendelea kutoa joto kwa siku na miezi, na pampu za maji lazima ziendelee kuzunguka. Umeme wa gridi ukikatika, anayezizungusha ni jenereta ya dizeli. Hope Creek ina jenereta nne za dharura, na kila moja ina uwezo wa zaidi ya megawati 4, injini ya kiasi cha kusukuma meli.

Thamani ya injini hizo ilionekana Agosti 14, 2003, umeme ulipokatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na Kanada. Vinu tisa vya nyuklia nchini Marekani vilizimika siku hiyo, na kadhaa vikaegemea dizeli hadi gridi iliporudi. Ilionekana kwa uchungu zaidi Machi 11, 2011 huko Fukushima, Japani, pale maji ya tsunami yalipozizamisha jenereta na vinu vitatu vikayeyuka.

Kwa sababu hiyo wadhibiti wa nyuklia hawakubali injini ilale. Kwa kawaida kila jenereta huwashwa walau mara moja kwa mwezi na kubebeshwa mzigo kwa saa moja au zaidi. Kisha, katika kila mzunguko wa kubadilisha urani, huendeshwa saa 24 mfululizo. Injini hutakiwa kufikia kasi yake ndani ya sekunde zisizozidi kumi na kitu, jambo linalomaanisha kuwashwa kwa ghafla, na injini ya dizeli iliyoshtuliwa hivyo ikiwa na mzigo mkubwa hutoa moshi mweusi na oksidi za naitrojeni.

Moshi huo si wa kupuuzwa. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Nazo oksidi za naitrojeni, zikipigwa na jua la kiangazi pamoja na mvuke wa petroli na kemikali nyingine, huzaa ozoni inayobana vifua vya wenye pumu. Wilaya ya Salem, ilipo Hope Creek, imo katika ukanda wa jiji la Philadelphia ambao kwa miaka mingi umeshindwa kutimiza kiwango cha taifa cha ozoni.

Basi sheria mbili hukutana katika injini moja. Moja inasema iwashe mara kwa mara ili tuwe na uhakika nayo. Nyingine inasema usiiwashe bila sababu.

EPA ilitafuta njia ya kati. Kanuni zake za injini zisizohamishika huruhusu injini ya dharura kuendeshwa kwa majaribio na matengenezo hadi saa 100 kwa mwaka, na bila kikomo chochote wakati wa dharura halisi. Zikihitajika saa zaidi ya 100, mwenye injini anaweza kuomba, na hana haja ya kuomba iwapo ana kumbukumbu zinazoonyesha kuwa sheria nyingine ya serikali ndiyo inayomlazimisha kufanya majaribio hayo. Kwa kituo cha nyuklia kifungu hicho kidogo ni cha thamani kubwa.

New Jersey ilikwenda mbele zaidi kwa upande wa wananchi. Kanuni zake zinakataza kujaribu jenereta za dharura siku ambayo utabiri wa jimbo unasema hewa itakuwa mbaya kwa watu wenye afya dhaifu, isipokuwa pale sheria ya shirikisho au ya jimbo inapolazimisha jaribio hilo kwa maandishi. Kwa lugha nyepesi, jaribio linaloweza kungoja kesho na lingoje.

Palikuwa pia na jaribio la kuupanua mlango. Mwaka 2013 EPA iliruhusu injini za dharura zitumike hadi saa 100 kusaidia gridi inapoelemewa, hata kama umeme haujakatika. Jimbo la Delaware, lililo ng'ambo ya mto kutoka Hope Creek, lilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani kupinga, likidai kuwa injini zisizo na vichujio zingewashwa katika siku zilezile za joto ambapo hewa ni mbaya zaidi. Mei 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Washington ililipa ushindi na kuifuta ruhusa hiyo.

Baada ya Fukushima idadi ya injini iliongezeka. Amri ya NRC ya Machi 2012 ilivitaka vituo vyote viwe na vifaa vya ziada vya kukabili janga, na vingi vya vifaa hivyo ni pampu na jenereta za kubebeka zinazotumia dizeli. Hata hizo zinapaswa kujaribiwa.

Hesabu isiyokubalika na wote

Turudi kwenye chumvi, kwa kuwa hapo kuna ubishi wa kitaalamu ambao haujaisha.

Viwango vya afya haviangalii vumbi lote. Vinaangalia punje ndogo zinazoweza kupenya puani na kushuka mapafuni, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 10, na hasa zile zisizozidi 2.5. Njia ya zamani ya hesabu, iliyomo katika kitabu cha mwongozo cha EPA, ilichukulia kuwa madini yote yaliyomo katika matone ni punje ndogo za namna hiyo. Mwaka 2002 wahandisi wawili wa Marekani, Reisman na Frisbie, walichapisha makala wakionyesha kuwa dhana hiyo huzidisha mno.

Hoja yao inaeleweka kwa hesabu ya kawaida. Tone la maikromita 100 lenye gramu moja ya chumvi kwa lita likikauka huacha punje ya maikromita 8 hivi, ambayo inahesabiwa. Tone hilohilo likiwa na gramu 10 kwa lita huacha punje ya maikromita 17 hivi, ambayo haihesabiwi kwa kuwa ni kubwa mno kufika mapafuni. Kinachotokea ni kinyume cha matarajio: maji yakizidi chumvi, uzito wa vumbi lote huongezeka, lakini sehemu yake iliyo hatari kwa mapafu hupungua.

Wenye viwanda huipenda hoja hiyo kwa sababu zinazoeleweka. Lakini kanuni ya ratili 30 ya New Jersey ilipima chembechembe zote kwa uzito, na ubora wa hoja hiyo usingebadilisha chochote kwa Hope Creek. Pia jani la mharage halijali kama punje ni ya maikromita 8 au 17.

Kwa kulinganisha, kituo cha makaa ya mawe chenye uwezo kama wa Hope Creek, megawati 1,200 hivi, kingechoma tani milioni 3 za makaa au zaidi kila mwaka, na kutoa salfa, zebaki na majivu ambayo mnara wa chumvi hauwezi kufikia hata kwa mbali. Hilo halina ubishi. Linaeleza pia kwa nini vibali vya hewa vya vituo vya nyuklia hupita kimyakimya, bila wakazi wengi kujua kuwa vipo na kwamba sheria inawapa haki ya kuvitolea maoni kabla havijatolewa.

Na huku kwetu?

Kenya ndiyo iliyotangulia majirani zake wa pwani kwa mipango ya kinu. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliunda wakala wa kuendeleza nishati ya nyuklia, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikaunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Masuala ya hewa kwa ujumla yako chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1999. Mabwana wawili, kama kule Marekani.

Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo katika Kaunti ya Kilifi waliandamana kupinga kinu kujengwa kwao, wakihofia bahari, uvuvi na misitu. Baadaye viongozi wa serikali walianza kuitaja Kaunti ya Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa upande wa hewa, maeneo hayo mawili hayafanani. Kinu cha Kilifi kikipozwa kwa minara ya maji ya bahari kingekuwa na mzigo wa chumvi mkubwa kuliko ule wa Delaware, karibu na mikorosho, minazi na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kikipozwa kwa maji yanayopita na kurudi baharini, chumvi ya hewani ingetoweka na suala lingehamia kwenye joto la maji na samaki. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache sana, hivyo mnara wa Siaya ungetoa vumbi dogo. Jenereta za dizeli zingekuwa ni zilezile popote pale, na majaribio yake ya kila mwezi pia.